Apandaye Ndege Awe na Kwao

Kufa kwenyewe Kezia hakukuogopa sana. Muuguzi aliyekwisha kuwafumba wagonjwa macho kwa vidole vyake hujifunza kuishi na mauti kama mtu aishivyo na jirani mkorofi: humsalimu, humwepuka, na siku zikapita. Alichokiogopa Ijumaa ile, na kilichomfanya ashindwe kumeza hata tonge moja la ugali, ni kufa akiwa bado msichana.

Jumatatu angepanda ndege. Chuo cha wauguzi katika mji wa Aberdeen, huko Skotlandi kwenye baridi isiyo na huruma, kilikuwa kimempa nafasi ambayo wenzake waliiota tu. Mwaka huo wa tisini na saba hapakuwa na binti mwingine katika ukoo wao aliyewahi kufika hata Mombasa. Boma zima la baba yake, mzee Fanuel, kwenye mteremko unaoutazama mji wa Homa Bay na ziwa lake, lilijaa vigelegele hadi redio ilipotangaza kwamba ndege ya abiria imeanguka katika nchi ya mbali. Tangu hapo furaha ilitoka kwa mlango wa mbele, hofu ikaingia kwa mlango wa nyuma, na aliyeikaribisha kiti ni Bathsheba, mama yake Fanuel.

"Nyakwara," alisema kikongwe yule, akimwita mjukuu wake kwa lugha yao, "unajua alikolala shangazi yako."

Kezia alijua. Kwao, binti akifa bila mume hazikwi ndani ya boma la baba yake. Hulazwa nje ya ua, kama mgeni aliyechelewa kubisha hodi. Lynnet, kifungua mimba wa Bathsheba, alifia Nairobi kabla Kezia hajazaliwa, akarudishwa na kulazwa huko nje, penye michongoma. Bathsheba hakuwahi kulitaja kaburi lile mbele ya watu. Ila kila alipolipita, mkono wake ulikwenda kifuani kama mtu aliyechomwa mwiba.

"Najua, Dani," alijibu Kezia, kwa neno la kwao la kumwita nyanya.

"Basi sikiliza. Kesho wazee wa Wesley watavuka ziwa kutoka kisiwa cha Mfangano. Wesley ni mgane, mpole, mchuuzi wa samaki mwenye nyumba ya mabati na jina lisilo na doa. Utakuwa mke wake kesho, na Jumatatu utapanda ndege yako. Ukirudi mzima, tutamshukuru Mungu. Ukirudi vinginevyo, utakuwa na kwako."

"Wesley nimemwona mara moja tu, Dani!"

"Mimi babu yako sikumwona hata hiyo mara moja, na nikamzalia nyumba nzima."

"Na nikikataa?"

Bathsheba alimtazama kwa macho makavu, macho ya mwanamke aliyefundishwa na wamishonari kwamba machozi ni ya faraghani. "Ukikataa, baba yako hatakuwekea mkono kichwani. Utaingia kwenye chuma kile na kuruka juu ya bahari bila baraka. Wewe ulisoma, niambie kama kuna mtu mwenye akili timamu afanyaye hivyo."

Kezia aligeuka kumtafuta mama yake. Phelesia alikuwa ameinamia mafiga, akikoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

Kezia hakuweza kusema lililomkaba rohoni: kwamba moyo wake ulikuwa umekwisha kuchukuliwa, na aliyeuchukua hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkuria wa Migori, jina lake Matiko, dereva. Miaka miwili nyuma, Kezia akifanya kazi katika hospitali ya misheni huko Migori, Matiko alimleta mama yake akiwa hajitambui kwa homa. Mama alilazwa wodini. Mwana alilala nje juu ya benchi, mvua ikimnyeshea miguu, akakataa katakata kwenda nyumbani. Asubuhi moja Kezia alitoka na kumkuta anatetemeka. "Nenda ukapumzike, kaka," alimwambia. Naye akajibu, "Akiamka aulize niko wapi, utamjibu nini?" Tangu siku ile, Kezia hakuweza kumtazama mwanamume mwingine bila kumlinganisha na yule wa benchini.

Walipendana kwa siri, kwa macho na kwa maneno machache, kwa maana baina ya Wajaluo na Wakuria yako maneno mengi mabaya yaliyosemwa zamani na ambayo hakuna aliyeyafuta. Na Fanuel alipouliza ni nani awezaye kumpeleka bintiye uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, Kezia alijibu kwamba amesikia habari za dereva mmoja wa Migori, mwenye gari la Pijo, ajuaye njia ile kuliko wengine wote.

Honi ikalia langoni.

Matiko alishuka akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alimsalimu Fanuel kwa mikono miwili, akaomba kuonyeshwa sanduku la msafiri ili apime kama litaingia nyuma ya gari. Fanuel akamwita Kezia alilete. Hivyo ndivyo wapenzi wale walivyojikuta wawili peke yao nyuma ya Pijo, kifuniko cha buti kikiwasitiri kama pazia.

"Umekonda," alinong'ona Matiko.

"Na wewe umenyoa."

"Nimenyoa ili baba yako asinidhanie jambazi."

Siku nyingine Kezia angecheka. Leo alimshika mkono kwa nguvu hata kucha zikazama. "Matiko, niambie njia. Usinifiche chochote."

Matiko alimtazama, akaona kwamba si wakati wa mzaha. Kifuniko cha buti kilikuwa kimejaa vumbi la barabara ya Rongo. Akachora humo kwa kidole.

"Huu ni uwanja wa Embakasi. Nitakufikisha mpaka mlango wa kioo. Askari humruhusu kupita mwenye pasi na tiketi tu. Hapo mimi hugeuka. Yaliyo ndani nimeambiwa na waliokwenda wakarudi: utapima mzigo, utagongewa muhuri, utakaa ukumbini hadi mtakapoitwa. Utalala juu ya mawingu, uamkie Heathrow, London."

"Halafu?"

"Heathrow si jengo moja, Kezia. Ni majengo manne ya abiria, kama vijiji vinne vya ukoo mmoja. Matatu yamekaa pamoja katikati. La nne limejitenga, ng'ambo ya njia ya ndege, na ndiko utakakoshukia. Nayo ndege ya Aberdeen huondokea jengo la kwanza."

"Nitavukaje? Kwa miguu?"

"Ukivuka kwa miguu watakufunga. Liko basi la kuwavusha wanaobadilisha ndege. Fuata mabango ya manjano, usifuate watu. Watu wengi watashuka kwenda kupanda treni inayopita chini ya ardhi kuelekea mjini. Ukiwafuata hao, utatokea katikati ya London, na ndege yako itakuwa imeruka."

"Chini ya ardhi," alirudia Kezia, na uso wake ukaparara.

"Unaogopa kupotea?"

"Naogopa kuanguka. Naogopa kuletwa." Kisha akamweleza yote, haraka haraka, sauti ikimkatika: ua, Lynnet, Wesley, wazee watakaovuka kesho.

Kidole cha Matiko kilikuwa bado juu ya jengo la nne.

"Kesho," alisema.

"Kesho."

"Na mimi ni nani katika boma hili? Dereva?"

"Ukitamka kwamba wewe ni zaidi ya dereva, watakufukuza na kesho itakuja vilevile! Mama atalia kwamba Wakuria watanipeleka kwenye kisu cha tohara. Baba atakumbusha ng'ombe walioibwa tangu enzi za babu yake."

"Mama yangu amekwisha kuapa kwamba hakuna kisu kitakachokukaribia. Ng'ombe wa babu yako siwajui mimi."

"Dereva!" Sauti ya Bathsheba ilipasua hewa kutoka barazani. "Njoo ndani tukuone. Haiwezekani mtu ambebe mtoto wetu, nasi hatuujui uso wake."

Chai ilikuwa imekwisha kumiminwa. Fanuel alikaa kwenye kiti chake cha mikono. Phelesia kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Bathsheba katikati, fimbo yake magotini. Kezia alisimama nyuma ya nyanya yake. Kwa kuwa Matiko hakukijua Kijaluo vizuri, Bathsheba alimsemesha kwa Kiswahili chake cha shule ya zamani, kilichonyooka kama uzi.

"Umekwenda Embakasi mara nyingi?"

"Mara nyingi, Nyanya."

"Wanaokwenda, umewaona wakiingia. Wanaorudi, umewaona wakitoka."

"Nimewaona."

"Sasa nijibu kwa ukweli. Anayefia huko ng'ambo, hutokea mlango upi?"

Kikombe cha Fanuel kiligonga kisahani. Kezia alifumba macho. Alimwomba Mungu Matiko aseme uongo. Aseme hajui, aseme hajawahi kuona. Nani asiyejua kwamba msafiri hapaswi kupandishwa gari lililokwenda kupokea maiti? Neno moja tu la kweli, na baba yake angemfukuza.

"Hatokei mlango wa abiria, Nyanya," alisema Matiko. "Liko lango jingine, upande wa mizigo. Maua na samaki hutokea humo kwenda Ulaya. Na masanduku ya marehemu huingilia humo. Nimewapeleka watu wa Migori hapo, kupokea marehemu wao."

Fanuel alisimama. "Gari lako limekwenda kwenye majeneza, nawe unalileta kumchukua binti yangu! Mama, huyu aondoke."

"Halijawahi kubeba jeneza, mzee. Limebeba waliolia."

"Tofauti ni ipi? Nimesema ondoka!"

"Keti, Fanuel," alisema Bathsheba. Hakuinua sauti, lakini mwanawe mwenye mvi aliketi. "Sijamaliza. Kwenye lango hilo, dereva, huulizwa nini?"

Kezia aliona jasho likimteremka Matiko shingoni. Hata yeye aliogopa, lakini hakuyakwepa macho ya kikongwe. "Huulizwa mambo mawili, Nyanya. Nani anampokea. Na anapelekwa wapi."

"Wasipopata jibu?"

"Sanduku hungoja."

"Hungoja."

"Niliwahi kuliona moja. Tulifika kwa ajili ya mtu wetu, nalo lilikuwa pale pembeni. Tukaondoka, likabaki."

Ndipo Kezia alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani mwake: mkono wa nyanya yake, ule mkono mgumu kama mzizi, uliiachia fimbo ukaenda kifuani, hapo mbele ya watu.

"Lynnet wangu alingoja," alisema Bathsheba. "Katika chumba cha baridi, Nairobi. Sote hapa tulikuwa tukibishana nani aende, na alazwe wapi. Alingoja kama mzigo usio na mwenyewe." Alivuta pumzi. "Fanuel, mtoto huyu akija kupitia lango hilo, Wesley ataijua njia ya kwenda kumjibia?"

Fanuel alizikuna ndevu zake. "Wesley hajawahi kuvuka Kisumu, Mama."

"Basi nani atajibu?"

Matiko aliweka kikombe chini. Alikiweka polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Mimi nitajibu."

Bathsheba alimwinulia Fanuel kidole asiseme.

"Kwa mlango wowote atakaotokea, Nyanya, ule wa kioo au huo mwingine, mimi nitakuwa nimesimama nje. Nikiulizwa nani anampokea, nitasema ni mimi. Nikiulizwa anapelekwa wapi, nitasema anakwenda nyumbani kwangu. Sikuja na wazee, na kwetu pia hilo ni kosa. Lakini ndege haingoji wazee."

Kezia alimtazama baba yake, akaona mishipa ya shingo imemsimama. Akamtazama mama yake.

Phelesia alikuwa amejifunika ushungi wa kanga kichwani hadi puani. Aliinuka bila sauti, mgongo wake ukiwa umeelekea ukutani na uso ukitazama chini, akanyata kando kando ya mkeka na kutoka kwa mlango wa jikoni. Na Matiko, alipomwona anainuka, alijigeuza upesi kwenye kiti akatazama dirishani, akimpa kisogo, hata kivuli chake mama yule asikione.

"Phelesia!" aliita Fanuel. "Unakwenda wapi, nasi tuna maneno hapa?"

Sauti ya Phelesia ilitoka jikoni, ndogo lakini thabiti. "Siwezi kuketi chumba kimoja na mkwe wangu."

Hapo ndipo Kezia alipoziba mdomo kwa viganja. Mwanamke wa Kijaluo haketi mbele ya mume wa bintiye. Humkwepa, humsitiri, humheshimu kwa kutoonekana. Na Wakuria nao, kumbe, hufanya vivyo hivyo. Mama yake, aliyekuwa kimya juma zima, alikuwa amekwisha kuamua kwa miguu yake.

"Mkwe gani?" Fanuel alifoka. "Mkuria? Watamtia kisu mtoto wangu! Na ng'ombe wako wapi? Ametuletea ng'ombe gani huyu?"

"Kisu hakipo, Baba. Mama yangu Rispa ameapa, nami naapa," alisema Matiko, bado akitazama dirishani. "Na ng'ombe wapo. Ni kwamba wao huja kwa miguu, na Kezia anaondoka kwa ndege."

Bathsheba alitoa sauti ambayo, kwa mwanamke mwingine, ingeitwa kicheko. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe uliyejificha nyuma yangu kama kifaranga. Una ulimi?"

Kezia alipita mbele. Sauti, kwa rehema za Mungu, ilitoka.

"Ninao, Dani. Wesley sina ubaya naye. Atanipa mahali pa kulala nikifa. Lakini nikiwa hai, peke yangu katika jengo lile la nne, sijui mabango yanasema nini, nitamwita nani moyoni? Sina jina jingine la kuita. Nimelitafuta, sina. Baba, ukikataa, sitapanda ndege. Wala sitamfuata Wesley. Nitaketi hapahapa hadi nizeeke, na mkinizika nje ya ua, mnizike."

Fanuel alifunika uso kwa mikono. Alipoufunua, hasira ilikuwa imekwisha, ikabaki hofu ya mzazi, ambayo haina kabila.

"Nitawaambia nini wazee wa Wesley?"

"Utawapokea ufukweni, utawachinjia kuku, na utawaambia kwamba Bathsheba amekosea," alijibu kikongwe. "Kosa ni langu, libebe kama langu. Lakini wewe, Mkuria, usifurahi bado. Ng'ombe nitawangoja. Mahali pa kumlaza sitapangoja. Kesho nitapaona kwa macho yangu, na pasiponiridhisha, hutamwona tena huyu."

Jumamosi asubuhi Bathsheba alipanda Pijo, akaketi mbele kama hakimu. Kezia aliketi nyuma, na moyo wake haukutulia hata kidogo. Sasa aliogopa upya. Je, kama boma lenyewe ni gofu? Je, kama mama yake Matiko amebadili nia? Huko Rongo, mahali ambapo njia ya Nairobi huenda upande mmoja na ya Migori upande wa pili, Matiko alipunguza mwendo, akamtazama kwenye kioo. Akapinda kuelekea Migori.

Boma lilikuwa nje ya mji, kwenye barabara ielekeayo Kehancha. Rispa, mama yake Matiko, alitoka mbio na kusimama ghafla alipomwona mgeni mwenye fimbo. Wanawake wawili wale walisalimiana kwa uangalifu mkubwa, kila mmoja akimpima mwenzake.

"Mwanangu amenieleza," alisema Rispa. "Binti huyu alinirudisha kutoka kwenye wafu. Kisu hakitamkaribia. Mgomba ule ni wake, nyumba ile ni yake, imebaki kupakwa chokaa."

Nyumba ilikuwa ndogo, ya udongo, yenye bati jipya. Bathsheba hata hakuitazama. Aliizunguka, akaenda upande wa kushoto, upande anaozikwa mke, akachokoa ardhi kwa fimbo.

"Ua unapita wapi?"

"Kule nyuma ya migomba," alijibu Rispa. "Hapa ni ndani kabisa."

"Ndani kabisa," alirudia Bathsheba. "Kezia. Njoo usimame hapa."

Kezia alikwenda. Ilikuwa ardhi ya kawaida, nyekundu, yenye majani mafupi, na kusimama juu yake kulimtia baridi kutoka nyayoni hadi utosini. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Jumatatu angepaa. Hakuna aliyeweza kumwahidi kwamba atatua.

Akainua macho kumtafuta Matiko. Hakuwa mahali alipokuwa. Alikuwa amevuka mbele ya nyumba na kusimama upande wa kulia, mahali pa mwanamume, viatu vyake vimelingana na vya Kezia, mlango wa nyumba yao ukiwa katikati.

"Mimi ni huku," alisema.

Machozi aliyoyazuia tangu redio iliposema maneno yake yalimbubujika Kezia yote kwa pamoja, na katikati ya machozi yale, pasipo yeye kujua jinsi, akawa anacheka.

"Wala msiharakishe kuja hapa, nyote wawili," alisema Bathsheba kwa ukali. Akaigeuza fimbo yake kuelekea garini. "Haya. Sasa baba yake amwekee mkono kichwani, kisha tumpeleke kwenye ndege."